Usifunike Karai

Mtu aliyesimama mlangoni alikuwa na karai kubwa kichwani, limefunikwa gunia, na Musimbi alidhani ni mchuuzi.

"Leo hatununui kitu, ndugu yangu," alisema, akiendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo. "Jaribu nyumba za mbele."

"Siuzi, mama." Mgeni aliteremsha karai akaliweka chini taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. "Hii ni yenu."

Gunia lilipoteleza, Musimbi aliona sikio moja la karai ambalo liliwahi kukatika likachomelewa kwa chuma cha rangi nyingine. Alisimama ghafla na maharagwe yakamwagika. Mumewe, Shivachi, hakuruhusu mtu yeyote aliguse karai lile. Aliliosha mwenyewe, kwa chumvi na kitambaa, bila sabuni, na kule Kibera alikolala siku za kazi aliliweka ndani ya gunia karibu na kichwa chake. Nyumbani Kawangware alikuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Leo ilikuwa Jumanne.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mgeni aliomba maji kwanza. Alikuwa mtu mrefu, shati lake limepasuka begani mahali kamba ya mkokoteni hupita. Alikunywa kikombe chote, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Naitwa Oketch. Mimi huvuta mkokoteni pale Soko la Toi. Mzee ameungua, mama. Mafuta. Nilimpeleka hospitali jana asubuhi na mkokoteni wangu."

"Jana! Na mimi naambiwa leo?"

"Jana jioni nilikuja kutafuta nikakosa. Aliniambia Kawangware 46, ploti ya Ephantus, mlango wa tatu. Kumbe Ephantus ako na ploti nne. Kwa zile zingine wamenifukuza kama mbwa, wanasema mimi ni mwizi wa karai."

Watoto watatu walikuwa wameacha kucheza. Mideva, mkubwa wao, alianza kuokota maharagwe sakafuni, moja moja, bila kuambiwa.

"Ameungua wapi?"

"Mikono. Kifua." Oketch aliangalia pembeni. "Anaongea. Leo saa za kuona wagonjwa zimepita. Amesema nikuambie neno moja tu. Moto usilale."

Musimbi aliketi tena kwenye kigoda. Alilielewa neno hilo. Mumewe alikuwa amemweleza mara nyingi, kwa kujivunia, mambo ya ukuta wa gereji ulio karibu na Soko la Toi, ambapo alipika na kuuza chakula. Wapishi waliokaa ukutani hapo hawakuwa na karatasi wala risiti. Kilichoonyesha mahali pana mwenyewe ni moshi wa adhuhuri. Adhuhuri tatu zikipita bila moshi, mtu yeyote ana ruhusa ya kuleta mawe yake na kuketi, na hakuna wa kumuuliza. Shivachi mwenyewe alipata mahali pake hivyo hivyo, miaka minne iliyopita, baada ya mama mmoja kwenda kumzika dada yake Machakos na kuchelewa kurudi.

"Jumatatu, moja," alihesabu Musimbi. "Leo, mbili."

"Kesho ndiyo ya tatu," alisema Oketch.

"Mimi sijawahi kupikia watu."

Oketch alinyoosha kidevu kuelekea wale watoto. "Na hawa ni nini?"

*

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao mvua ilikataa. Unga uliopatikana madukani ulikuwa wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na hata huo watu waliupangia foleni tangu kabla ya jua. Fungu la sukuma wiki lililokuwa likitosha watu wanne sasa lilitosha mmoja. Musimbi alichukua pesa zote zilizokuwa chini ya godoro, zikiwamo za sare ya Mideva, akamwachia Mideva wadogo zake, kisha akajitwika karai na kutembea kutoka Kawangware hadi Kibera akiwa na kichupa kimefungwa kwenye kanga kiunoni.

Ndani ya kichupa kulikuwa na munyu. Kwao Kakamega mboga haipikwi bila munyu, yale maji makali yanayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Munyu hulainisha jani gumu mpaka likatelemka kooni. Mama yake alipika hivyo, na nyanya yake pia: chungu kikafunikwa, moto ukawa mdogo, mboga ikakaa humo mpaka mwenyewe akaisahau. Musimbi hakuwa na kingine cha kuwapa wateja wa mumewe isipokuwa kile alichokijua.

Jirani wa ukutani alikuwa Magdaline, mama mnene aliyeuza chai na mandazi.

"Wewe ndiye wa Shivachi?" aliuliza, na bila kungoja jibu akamsogezea jiko. "Washa, dada. Washa haraka. Tangu asubuhi kuna watu wanapita hapa wakipima kwa miguu."

Musimbi alipoinama kuwasha aliona ukuta. Palikuwa na doa jeusi lililopanda hadi urefu wa kifua cha mtu, na chini yake udongo ulikuwa umeganda mafuta.

"Ilikuwaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Magdaline aliangalia kwanza upande wa lango la gereji. "Walikuwa wanasukuma gari la mteja kinyumenyume kulitoa nje. Halina breki. Likagonga meza, mafuta yakamrukia, moto nao ukafuata. Mwenye gereji anaitwa Nderitu. Hajasema kitu mpaka leo. Na wewe usiseme, kama unataka huu ukuta."

Kwa hiyo Musimbi aliyaogopa mafuta. Aliyamimina karai likiwa baridi, maana mafuta baridi hayarukii mtu. Alikata sukuma ikiwa bado inadondosha maji ya kuoshea, akaitia. Mafuta yakalipuka kwa kelele, akaruka nyuma na kumkanyaga Magdaline mguu. Akachukua bati akalifunika karai haraka. Kelele ikanyamaza. Hapo moyo wake ukatulia kidogo, maana sasa ilisikika kama chungu cha nyumbani. Akafunua pembeni, akamimina munyu, akafunika tena.

Mafundi walitoka saa sita na nusu. Walikuwa kumi na wawili, mikono myeusi kwa grisi, na walikuwa na nusu saa tu. Walipomwona mwanamke mahali pa Shivachi walipoa.

"Mathee, uko poa? Buda Shivachi anaendeleaje?"

"Anaendelea. Karibuni."

Kijana mmoja aliyeitwa Wambua ndiye aliyeanza. Alimega ugali wa njano, akachota mboga, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akawatazama wenzake.

"Mathee," alisema pole pole, "hii ni mboga ama ni sabuni ya kipande?"

Wenzake walionja, mmoja akatema pembeni. Mwingine alijifanya anapaka mboga kwapani na kuoga, na kicheko kikapanda mpaka ng'ambo ya barabara. Munyu ulikuwa umekutana na mafuta mengi, na vitu hivyo viwili vikikutana motoni ladha yake ni ile waliyoisema. Nyumbani Musimbi hakutia mafuta kwenye mboga; alitia maziwa. Hakujua.

"Tutalipa ugali, mathee," alisema Wambua, sasa akiona haya. "Hiyo ingine, wacha tu."

Saa nane sufuria aliyopakulia mboga ilikuwa bado imejaa. Nderitu alitoka gereji akiwa na ufunguo mkubwa mkononi, mtu wa makamo mwenye koti safi juu ya suruali ya kazi. Aliangalia sufuria, kisha doa la ukutani, kisha miguu yake mwenyewe.

"Pole kwa mzee," alisema.

"Asante."

"Lakini ukuta ni wangu, unaelewa. Mimi nataka hapa mtu ambaye vijana watakula kwake, ndiyo wasiende mbali wakati wa lunch. Kama ni hivi," alionyesha sufuria kwa ufunguo, "kuna mama ameniomba. Kesho nitaangalia tena."

Alipoondoka, Magdaline alivuta sufuria akaonja kwa kidole. Alikunja uso, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Musimbi, bila kutaka, akacheka naye kidogo, halafu akalia.

*

Jioni wodi ilikuwa imejaa wageni. Shivachi alilala chali, mikono imefungwa bandeji nyeupe tangu vidole hadi mabegani, imeinuliwa juu ya mito kama mikono ya mtu mwingine. Uso wake haukuungua sana. Hilo ndilo lililomuumiza Musimbi zaidi, kwamba uso ulikuwa uleule.

"Moto umewaka?" ndilo alilouliza kwanza.

"Umewaka."

"Walikula?"

Musimbi alitaka kudanganya. Alitazama zile bandeji akashindwa. Alimweleza yote, mafuta baridi, bati, munyu, sabuni, na yule kijana aliyejifanya anaoga. Kifua cha Shivachi kilianza kutikisika, naye akafumba macho kwa maumivu.

"Usinichekeshe, Mama Mideva. Inauma. Munyu! Kwa mafuta!"

"Ningejua vipi? Hujawahi kunipikia hata siku moja. Ukija nyumbani unataka ya kuchemsha."

"Nimechoka kuona mafuta, ndiyo maana." Alifumbua macho. "Ulifunika kwa nini?"

"Kwetu mwanamke asiyefunika chungu ni mtu wa aina gani? Tena niliogopa. Yalinirukia."

"Yanarukia maji. Si wewe." Alitaka kuinua mkono aonyeshe, akakumbuka hauinuki. "Sikiliza sasa. Sina mkono, nina mdomo tu, kwa hiyo shika."

Shivachi alikuwa ameosha sahani miaka sita katika hoteli ya Wachina mjini. Sinki lake lilikuwa nyuma ya mpishi, na kwa miaka hiyo yote aliutazama mgongo wa yule mzee na kiwiko chake, jinsi kilivyorusha na kupokea. Hakuna aliyemfundisha. Hoteli ilipofungwa alitembea hadi kwa wauza vyuma vikuukuu akatafuta karai la kina kama lile. Pale ukutani waliuita upishi wake "ya kurusha", na mafundi waliupenda kwa sababu sahani ilitoka kabla mtu hajamaliza kunawa. Yeye aliupenda kwa sababu kopo moja la makaa lilimfanyia kazi ambayo wengine waliifanya kwa makopo matatu.

"Sukuma ioshe asubuhi na mapema," alisema, "uitandaze kwa kamba kama nguo, ikauke kabisa. Kata kila kitu kabla ya kuwasha. Nyama iwe nyembamba kama kamba ya kiatu. Moto ukishawaka huna tena mkono wa kukata. Karai tupu kwanza, mpaka litoe moshi. Usiogope huo moshi. Ndipo mafuta, kidogo, yapite pembeni. Nyama. Usiiguse mpaka iachie chuma yenyewe. Isukume kando. Kitunguu. Sukuma mwisho. Hapo sasa geuza, usisimame, geuza, chumvi, toa. Na usifunike, mama. Ukifunika umeichemsha."

"Itakuwa mbichi."

"Itakuwa imeiva na bado ina nguvu. Ukiitafuna utaisikia kwa meno." Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa homa. "Kesho niletee. Weka fungu langu kando, ulikaange mwisho kabisa, lije likiwa bado na moto. Nikionja nitajua kama huo ukuta ni wetu ama si wetu."

"Hapa hawakupi chakula?"

"Wananipa uji. Niahidi."

"Na wateja wakija wengi?"

"Langu usiuze. Hata aje nani. Niahidi, Mama Mideva."

"Nimesema nitaleta," alijibu Musimbi, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

Alipotoka, nesi alimfuata hadi mlangoni. Alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya chini. Alimwambia homa imepanda na hawaipendi, na kwamba mgonjwa hataki kula chochote, hata uji. "Jitahidini awe anakula," alisema. "Mtu aliyeungua anahitaji nguvu." Kisha akamkumbusha masaa ya kuona wagonjwa: saa sita mpaka saa nane mchana, na jioni saa kumi na moja. Mchana ulikuwa ndio wakati wa moto.

*

Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, kamba ya Magdaline ilikuwa imeanikwa majani ya sukuma toka ukutani hadi kwenye mlingoti wa taa. Watu waliopita walisimama kutazama.

"Mama, unafua mboga leo?" aliuliza mmoja.

"Jana ilikuwa na sabuni," alijibu Magdaline kwa niaba yake. "Leo tunaianika."

Musimbi hakukasirika. Alikata nyama mpaka vidole vikafa ganzi, vipande vyembamba kama kamba ya kiatu. Alikata vitunguu, akakata sukuma, akapanga kila kitu kwenye mabakuli kwa utaratibu alioambiwa. Katika bakuli dogo la bati alitia fungu moja la nyama, kitunguu na majani ya ndani, yale machanga yenye shina jembamba, akalifunika kwa karatasi na kuliweka chini ya meza.

Oketch alipita na mkokoteni wake mtupu, akasimama.

"Naona moshi," alisema.

"Bado sijaweka kitu."

"Ni moshi tu nilikuwa nataka kuona."

Karai lilipotoa moshi miguu ya Musimbi ilitaka kurudi nyuma. Doa jeusi lilikuwa mbele ya macho yake. Akakumbuka: yanarukia maji, si wewe. Akamimina mafuta, yakateleza yakitetemeka bila kelele. Akatia nyama. Kishindo kilikuwa kikubwa, lakini hakuna kilichomrukia. Alisimama pale, mwiko juu, akihesabu kimya kimya, mpaka kipande cha kwanza kikasogea chenyewe kama kinachoteleza. Akasukuma kando. Kitunguu. Sukuma. Akageuza. Mkono wake haukujua kurusha kama wa Shivachi, kwa hiyo alichota toka chini na kupindua, chota na pindua, upesi, na majani yakawa ya kijani kuliko yalivyokuwa kwenye kamba. Mkono wa kushoto ulijiendea wenyewe kwenye bati la kufunikia. Magdaline alilipiga teke bati likaenda barabarani.

Wambua alikuja wa kwanza, kwa tahadhari, kama mtu anayemkaribia ng'ombe mgeni. Alionja. Alimega tena, akatafuna, akaketi juu ya tairi. Wenzake walikuwa wakimtazama usoni.

"Niaje?" aliuliza mmoja.

"Wewe nunua yako," alisema Wambua, mdomo umejaa.

Hapo kazi ikaanza. Alikaanga karai baada ya karai, moshi ukimjaa machoni, Magdaline akipokea pesa na kugawa ugali. Walikuja mafundi, wakaja wauza mitumba wa Toi, wakaja wapakiaji ambao Oketch aliwaita kwa sauti kutoka ng'ambo. Kufikia saa saba na robo mabakuli yalikuwa matupu. Musimbi aliinama chini ya meza akatoa lile bakuli dogo.

Karai lilikuwa bado linatoa moshi. Aliikaanga sahani ya mwisho polepole moyoni na haraka mikononi. Alikuwa anaipakua kwenye bakuli la bati aliposikia sauti nyuma yake.

"Huyu ndiye nilikuwa nakuambia," Nderitu alikuwa akimwambia mgeni wake, mzee wa Kawangware mwenye ploti na lori mbili za kutengenezwa, kwa jina Waithaka. "Utakula hapa kitu huwezi kupata hata mjini. Mama, tupe sahani mbili."

"Imeisha, mzee. Samahani. Kesho nitaongeza."

Nderitu alicheka kidogo. "Hiyo je?"

"Hii ina mwenyewe."

"Basi hiyo moja. Mpe mgeni." Alitoa noti ya shilingi ishirini, bei ya sahani nne, akaiweka mezani mbele ya watu wote. "Mwenyewe akija utampikia ingine."

Mafundi walikuwa wameacha kutafuna. Musimbi aliitazama noti. Ilikuwa sare ya Mideva karibu nusu. Tena ilikuwa ni ukuta wenyewe, maana aliyeitoa ndiye aliyesema jana kwamba ataangalia tena. Alijua vizuri kwamba mtu wa akili angesema asante. Shivachi hangejua kamwe. Angeweza kumwambia kesho.

"Siwezi," alisema. Alilivuta bakuli karibu na kifua. "Niliahidi."

"Uliahidi nani?" Nderitu sasa hakuwa akicheka. Waithaka aliangalia saa yake. "Ni nani huyo anakula kunishinda mimi hapa kwangu?"

"Ni Shivachi," alisema Musimbi. "Unamjua."

Hakulitaja gari wala breki. Lakini macho ya wote, bila kupanga, yalikwenda ukutani, kwenye lile doa. Uso wa Nderitu ulibadilika. Kwa kitambo ilionekana kama angesema neno jingine, neno ambalo pengine alikuwa amelibeba tangu Jumatatu. Lakini mgeni wake alikuwa anatazama, na mafundi wake walikuwa wanatazama. Akaokota noti.

"Sawa," alisema. "Basi hapa nitahitaji nafasi ya magari. Kuanzia Jumatatu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Waliondoka. Wambua alisonya, mtu akamwambia anyamaze, akiogopa kazi yake. Musimbi alifunga bakuli kwa kanga. Fundo alilifunga mara mbili.

"Nenda," alisema Magdaline. "Unangoja nini? Ni saa saba na nusu."

"Moto…"

"Nitautia makaa yangu. Leo ni Alhamisi. Jumatatu bado haijafika, na huyo mtu hana moyo mbaya kama mdomo wake. Pengine. Nenda!"

*

Oketch alimtaka apande mkokotenini, yeye akakataa, kisha alipoona jua lilivyo akapanda. Aliketi pale aliposafirishwa mumewe, bakuli mapajani, na Oketch akakimbia kando ya barabara huku akipiga mbinja magari yampishe. Kwenye lango mlinzi aliwaonyesha saa.

"Imebaki dakika kumi, mama."

"Zinatosha."

Shivachi alikuwa amefumba macho. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na pumzi ilitoka fupi fupi. Kikombe cha uji kilikuwa kando ya kitanda, kimejaa, juu kimeota utando. Nesi yule mdogo alitikisa kichwa.

"Amekataa tangu asubuhi."

"Baba Mideva," aliita Musimbi. "Nimeleta."

Hakujibu. Alifungua kanga. Mvuke kidogo ulikuwa bado umebaki, na harufu ya kitunguu na nyama iliyopita kwenye chuma kikali ikaenea juu ya harufu ya dawa. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza kichwa. Musimbi alichagua kipande kimoja cha shina la sukuma, kidogo, akamwekea mdomoni.

Kilikaa pale. Alikiona juu ya ulimi, hakisogei. Alifikiria noti ya shilingi ishirini, akafikiria Jumatatu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akafikiria jambo ambalo alikuwa amejikataza kulifikiria. Kisha taya likasogea. Mara moja, na tena. Katika kelele zote za wodi, za wageni waliokuwa wakiaga na viti vilivyokuwa vikikokotwa, aliisikia wazi sauti ndogo ya shina linalovunjika katikati ya meno.

Shivachi alimeza.

"Hukufunika," alisema, macho bado yamefumba.

"Sikufunika."

"Chumvi kidogo imepungua."

"Kesho nitaongeza."

"Moto?"

"Unawaka," alisema Musimbi, na hilo lilikuwa kweli.

Kengele ya kuwatoa wageni ilipigwa. Nesi alisimama mlangoni, akawaona, akajifanya kuandika kitu. Musimbi alichukua kipande kingine.